Mwenye duka ni nani? Nakumatt, Tuskys na Naivas kwenye mizani ya anayetoa mali kauli

Na Mwandishi Wetu wa Biashara

Mfanyabiashara anayepeleka mzigo kwenye supamaketi na kukubali kulipwa baada ya siku 60 au 90 ni mkopeshaji, ingawa hana leseni ya benki wala dhamana mkononi. Benki ikikopesha huuliza hati ya kiwanja na hesabu zilizokaguliwa. Yeye huuliza oda tu, na akishagongewa muhuri wa kupokelewa mzigo huondoka akiamini kwamba duka lenye taa nyingi na foleni ndefu haliwezi kushindwa kulipa. Kati ya mwaka 2015 na 2021 imani hiyo iliwagharimu wasambazaji wa Kenya, Uganda na Tanzania mabilioni ya shilingi. Wenye malori waliokubali kulipwa pindi msambazaji atakapolipwa waliumia pamoja nao.

Mengi yaliandikwa wakati ule kuhusu ushindani, kodi za pango na wingi wa majumba ya biashara. Ni kweli, lakini maduka yote hayo yalikuwa kwenye soko moja, yakiuza sukari ileile kwa bei zinazokaribiana. Mengine yalikufa na mengine yakakua. Kwa maoni yangu tofauti kubwa ilikuwa kwa wenye mali: nani ana hisa, nani anaweza kumwambia mwenye hisa hapana, na mwanzilishi akifariki nani anashika ufunguo.

Tuanze na Nakumatt. Jina lilitokana na Nakuru Mattresses, duka la magodoro la mjini Nakuru. Likiongozwa na Atul Shah, lilikua hadi kupita matawi 60 katika nchi nne. Lilifika Kigali mwaka 2008, Kampala mwaka 2009, baadaye Moshi, na mwaka 2014 likachukua maduka ya Shoprite nchini Tanzania. Zaidi ya asilimia 90 ya hisa ilibaki mikononi mwa familia.

Hapo ndipo penye fundo. Kampuni inayotaka kukua ina njia tatu za kupata fedha: faida yake yenyewe, mtaji wa mbia mpya, au deni. Mbia mpya anataka kiti kwenye bodi na anauliza maswali. Faida huja polepole. Familia isiyotaka kugawana usukani na isiyotaka kusubiri hubaki na deni, na deni rahisi kuliko yote ni la msambazaji, kwa sababu halina riba, halina dhamana na halipigi kura. Kwa maneno mengine, tawi jipya la Kampala linaweza kufunguliwa kwa fedha za muuza unga wa Nairobi ambaye ankara yake imesogezwa mbele mwezi mmoja, kisha miwili. Anayemilikiwa na familia moja pekee haulizwi na mtu ndani ya nyumba kwa nini ankara zinachelewa.

Nakumatt ilikuja kumtafuta mbia. Mwaka 2016 na 2017 ilitangazwa kwamba mwekezaji wa kigeni angenunua asilimia 25 kwa dola milioni 75. Fedha hazikuonekana. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi, madeni yakiwa yamepita shilingi bilioni 30 za Kenya, na Januari 2020 wadai walipiga kura ifungwe.

Msomaji atasema basi dawa ni kampuni ya umma yenye bodi na wanahisa wengi. Uchumi ilikuwa hivyo hasa. Ilianzishwa na serikali ya Kenya mwaka 1975, ikaingia soko la hisa mwaka 1992, ikafungwa mwaka 2006, ikafufuliwa na kurudi sokoni mwaka 2011. Mwishoni mwa 2014 wanahisa waliichangia karibu shilingi milioni 900. Juni 2015 bodi ilimwachisha kazi mtendaji mkuu, na Oktoba mwaka huohuo maduka ya Uganda na Tanzania yalifungwa, wasambazaji wa huko wakiachwa na ankara zao. Bodi ilikuwepo muda wote huo. Kuwa na wakurugenzi wenye majina makubwa si sawa na kuwa na wakurugenzi wanaosoma hesabu kila mwezi, na mwanahisa mwenye hisa chache nyumbani Thika hana nguvu ya kumfuata mtendaji ofisini.

Tuskys na Naivas zinafundisha zaidi, maana hizo mbili ni za ukoo mmoja. Waanzilishi wake, Joram Kamau wa Tuskys na Peter Mukuha Kago wa Naivas, walikuwa ndugu, na biashara zote mbili zilitoka eneo la Nakuru. Mtu hawezi kusingizia kabila, mji wala aina ya biashara.

Kamau alifariki mwaka 2002 akiacha watoto saba ndani ya kampuni. Wanaume watano walikuwa na asilimia 17.5 kila mmoja, na wanawake wawili asilimia 6.25 kila mmoja. Ukipiga hesabu utaona kwamba hakuna mtu mwenye wingi wa kura. Ili jambo lipite lazima ndugu watatu wa kiume waungane, au wawili wa kiume pamoja na dada wote bado hawafiki nusu. Kila uamuzi mkubwa unakuwa uchaguzi mdogo wa kifamilia. Kufungua tawi jipya ni rahisi kukubaliana, kwani hakuna anayepoteza. Kumwingiza mbia kutoka nje ni vigumu, kwani lazima mtu aachie kiti. Mwaka 2012 ugomvi ulifika mahakamani, ndugu mmoja akiwatuhumu wenzake kuchota zaidi ya shilingi bilioni 1 za kampuni. Familia iliajiri mtendaji mkuu kutoka nje, lakini mtendaji anayeajiriwa na mabwana wanaoshitakiana hana mkakati wa kutekeleza, ana kambi za kuzunguka.

Cha kushangaza, mwaka 2017 Tuskys hiyohiyo ndiyo iliyojitokeza kutaka kuiokoa Nakumatt. Miaka mitatu baadaye Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliiweka Tuskys yenyewe chini ya uangalizi kwa sababu ya madeni ya wasambazaji. Janga la korona lilikuta nyumba imeshaoza nguzo. Kufikia mwishoni mwa 2021 maduka mengi yalikuwa yamefungwa.

Upande wa Naivas haukuwa wa malaika. Mwanzilishi alifariki mwaka 2010, na mwaka 2013 mpango wa kuuza sehemu kubwa ya hisa kwa Massmart ya Afrika Kusini ulikwama baada ya mmoja wa familia kwenda mahakamani kudai fungu lake. Ingeweza kuwa Tuskys ya pili. Lakini waliobaki kwenye usukani walikuwa wachache, na walikubali jambo ambalo binamu zao hawakuliweza: kuuza. Mwaka 2020 walipokea kundi la wawekezaji likiwemo Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, kwa takriban asilimia 30. Mwaka 2022 kampuni ya IBL ya Mauritius na washirika wake wakachukua asilimia 40, na mwaka uliofuata wakaongeza hadi asilimia 51. Familia ambayo ingeweza kung'ang'ania yote sasa ina sehemu ndogo zaidi ya nusu katika biashara yenye matawi zaidi ya 100.

Na kuna jambo lisilosemwa sana. Naivas haikuvuka mpaka. Wakati wenzake wakikimbilia Kigali na Dar es Salaam kwa ajili ya jina, yenyewe ilibaki Kenya, ikanunua matawi sita ya Nakumatt kwa shilingi milioni 422. Kwa sisi tunaoishi kwa biashara ya mpakani hilo si sifa tunayoipenda, ila ndivyo ilivyokuwa.

Kwa nini mpaka una uzito hapa? Kwa sababu duka la Kampala au Arusha lenye jina la Nairobi kwa kawaida ni kampuni tanzu iliyosajiliwa nchi hiyo. Msambazaji wa Uganda anaidai kampuni ya Uganda. Bodi ya Nairobi ikiamua kufunga, yeye anabaki na rafu, friji na mufilisi, wakati uamuzi umefanywa na watu ambao mahakama ya Kampala haiwafikii kwa urahisi. Marekebisho ya sheria ya ushindani ya mwaka 2019 yaliiongezea mamlaka ya Kenya meno dhidi ya wanunuzi wakubwa wanaochelewesha malipo, lakini meno hayo yanauma ndani ya Kenya.

Kabla ya kusaini oda kubwa, kwa hiyo, taarifa za umiliki zina thamani kuliko wingi wa wateja dukani. Kenya mtu anaweza kuomba waraka wa CR12 unaoonyesha wakurugenzi na wanahisa. Tanzania taarifa ziko BRELA, Uganda ziko URSB. Hukumu za mahakama za Kenya husomwa bure mtandaoni, na ugomvi wa urithi huonekana huko miaka mingi kabla ya hundi kuanza kurudi. Wa Tuskys ulikuwa mahakamani miaka minane. Angalia pia kama hisa za mwanzilishi aliyefariki zimeshahamishwa au bado ziko kwa jina la marehemu, maana hapo saini ya leo inaweza kupingwa kesho.

Msafirishaji naye asifungwe kwenye mnyororo huo. Mkataba unaosema nauli italipwa "mzigo utakapolipwa" unamgeuza kuwa mkopeshaji wa duka ambalo hata hajawahi kuzungumza nalo. Nauli ihesabiwe kuanzia siku ya kushusha mzigo, na adaiwe aliyekodi lori.