Ekzosi ya Kujengewa na Fundi: Lipa kwa Hatua

Ukipita Kirinyaga Road, Grogan au Industrial Area asubuhi ya Jumamosi, hukosi kuona gari limepandishwa juu, fundi yuko chini na welda yake, na mwenye gari amesimama kando na simu mkononi. Anataka gari lingurume, na amesikia ya kununua tayari kutoka ng'ambo ni ghali mno. Fundi amemwambia, "Boss, tuma pesa yote tu saa hii, jioni unatoka hapa ukiwa umefurahi."

Maoni yangu ni haya: usitume yote. Ekzosi ya kujengewa kwa mkono ni kazi nzuri, na mafundi wetu wa jua kali wanaiweza kabisa. Lakini ni kazi ya hatua, na pesa nayo inafaa itoke kwa hatua. Wengi hudhani njia ya kuokoa ni kumbana fundi kwa bei ya mkono wake. Mimi nasema pesa nyingi hupotea kwa kulipia kitu ambacho hujakiona, halafu kulipia tena kukirekebisha.

Kwanza amua: mlio au nguvu?

Kabla hujagusa simu, jibu swali hili. Kama gari lako ni la injini ya kawaida isiyo na turbo, ekzosi peke yake itaongeza nguvu kidogo tu. Utapata mlio, na mlio si dhambi, lakini usilipie nguvu ambayo haitakuja. Kwenye gari la turbo mambo ni tofauti, kwa sababu turbo hupumua vizuri zaidi moshi unapotoka bila kizuizi.

Hapo ndipo ukubwa wa paipu unapoingia. Injini ya lita 1.5 isiyo na turbo inatosheka na paipu ya inchi 2. Ya lita 2 isiyo na turbo, inchi 2 na robo. Subaru ya turbo ya lita 2, wengi huenda inchi 3. Ukiweka inchi 3 kwenye gari dogo, utapata kelele nyingi, gari zito kuondoka, na pesa ya chuma imekwenda bure.

Na kwa wale wapenzi wa ule mngurumo wa Subaru za zamani: mlio ule hauanzii nyuma kwenye silensa. Unaanzia mbele, ambako paipu zinazotoka kwenye injini zina urefu usiolingana. Fundi akikubadilishia mbele akakuwekea paipu za urefu sawa, mngurumo huo unaondoka. Kwa hivyo mweleze unachotaka kabla hajashika grainda.

Pesa iende wapi

Bajeti ikiwa ndogo, nunua kwanza vitu ambavyo havionekani. Cha kwanza ni paipu yenyewe. Chuma cha kawaida kinatosha ukikipaka rangi ya kustahimili joto. Chuma kisichoshika kutu ni kizuri zaidi, hasa kwa walioko Mombasa na Kilifi ambako chumvi ya bahari haina huruma, lakini bei yake ni juu na kuchomelea kwake kunataka fundi aliye na mashine inayotumia gesi ya agoni na anayejua kuitumia.

Kitu kimoja ukatae kabisa: paipu ya maji iliyopakwa zinki, ile ya kung'aa ya duka la hadiwea. Ni rahisi kuipata na bei yake ni nzuri, lakini zinki ikichomelewa hutoa moshi wenye sumu kwa fundi, na paipu hiyo haikutengenezewa joto la ekzosi.

Cha pili ni kona. Paipu ikikunjwa kwa mashine ya kubonyeza, mahali pa mkunjo hupungua upana. Utakuwa umelipia inchi 2 na nusu, lakini moshi unapita kwenye kitu chembamba kuliko hapo. Ni afadhali ununue kona zilizokunjwa tayari bila kubonyea, fundi azikate na kuziunganisha na paipu zilizonyooka. Weldi zitaongezeka, lakini upana utabaki uleule.

Cha tatu ni kile kipande cha kunyumbulika kinachokaa kati ya injini na paipu ndefu. Injini hutikisika, mwili wa gari haufuati mtikisiko huo. Bila kipande hicho, weldi zitapasuka. Pamoja nacho kuna raba za kuning'inizia na gasketi mpya. Vitu vidogo, lakini hivi ndivyo hukurudisha gereji baada ya mwezi.

Cha kuahirisha ni mapambo: ule mdomo mkubwa wa kung'aa unaoonekana nyuma. Huo unaweza kuongezwa mwisho wa mwezi ujao. Gari halitajua.

Usiache pesa yako chini ya gari

Utaambiwa, "Hii katalitiki inaziba, wacha nikutolee bure." Hakuna bure hapo. Ndani ya kile kichujio cha moshi kuna platini, paladi na rodi, madini ya thamani, na kichujio kilichotumika kina wanunuzi. Anayekitoa bure na kubaki nacho ameshalipwa vizuri sana.

Tena ukikitoa, moshi mchafu unaingia kwenye mapafu ya watu wa mtaa wako, na taa ya injini kwenye dashibodi huenda ikawaka kwa sababu sensa ya nyuma imekosa inachotafuta. Msimamo wangu: kiache mahali pake na ujenge ekzosi kuanzia nyuma yake. Kazi inapungua, na bei pia. Kama kimeharibika kweli na lazima kibadilishwe, kile cha zamani ni chako. Ondoka nacho.

Malipo ya hatua nne

Tuseme, kwa mfano tu, mmepatana shilingi 30,000 kwa kila kitu. Mimi ningelipa hivi.

Hatua ya kwanza, vifaa: 15,000. Lakini hii usimtumie fundi. Nendeni dukani pamoja, au akutumie orodha, kisha ulipe moja kwa moja kwenye nambari ya till ya duka. Hapo unajua umenunua paipu gani, na pesa ya vifaa haigeuki kuwa pesa ya chakula cha mchana.

Hatua ya pili, 5,000, ni baada ya paipu kushikizwa. Fundi mzuri hachomelei yote mara moja. Huishikiza kwa vidoto vichache vya weldi chini ya gari ili aone kama imekaa sawa. Hapo ndipo uiname uangalie. Je, inagusa sakafu ya gari? Iko karibu na tangi la mafuta au paipu za breki? Inaning'inia chini sana kwa zile matuta za mtaani kwenu? Kurekebisha sasa ni dakika chache. Kesho ni kazi mpya.

Hatua ya tatu, 7,000, ni baada ya kumaliza na kujaribu. Injini ikiwa baridi na gari likiwa nje, liwashwe, kisha fundi azibe mdomo wa bomba kwa kitambaa kinene kilicholowa kwa sekunde chache. Kukiwa na mahali panavuja, utasikia "psss". Usidharau uvujaji. Ukiwa mbele ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje huingia, kompyuta ya gari hudhani petroli ni kidogo na kuongeza nyingine. Utalipia kosa hilo kila ukifika petroli stesheni. Na moshi ukivujia chini ya viti ni hatari zaidi, kwa sababu una gesi ya kaboni monoksidi ambayo haina harufu na inaua.

Hatua ya nne, 3,000, ni baada ya wiki moja ya kuendesha, mradi mlipatana hivyo tangu mwanzo. Weldi mbaya hujionyesha ndani ya siku hizo.

Na fundi je?

Kuna watakaosema huku ni kumnyanyasa fundi. Sikubali. Fundi naye ameumizwa mara nyingi. Kuna mteja anayeondoka na gari akisema, "Nitakutumia jioni," na jioni hiyo haifiki. Kuna anayeonyesha ujumbe wa malipo aliouandika mwenyewe. Malipo ya hatua yanamlinda fundi pia: kazi ikisimama katikati, ameshalipwa ya aliyofanya. Fundi, nawe usiamini skrini ya simu ya mtu. Angalia salio lako, au subiri ujumbe uingie kwenye simu yako.

Pia, fundi aliye na till yake apewe kazi kwanza. Ukituma kwa nambari ya kibinafsi unakatwa ada ya kutuma, halafu utasikia, "Ongezea na ya kutoa." Ukilipa kwa till, kwa kawaida mteja hakatwi. Kabla hujathibitisha malipo, soma jina linalotokea. Likiwa la mtu usiyemjua, simama uulize.

Usifute zile jumbe. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na siku hizi daftari liko mfukoni mwako. Ujumbe wa kila hatua una tarehe, saa, kiasi na jina. Ongeza ujumbe mfupi kwa fundi: "Nimelipa 5,000, paipu imeshikizwa, imebaki 10,000." Akijibu "sawa", mna mapatano.

Lakini tusielewane vibaya kuhusu kurudisha pesa. Huduma ya kurudisha muamala ni ya aliyekosea nambari. Kuomba pesa irudi baada ya fundi kumaliza kazi yake ni wizi, hata kama mlio haukukupendeza.

Na usikope kwa simu ili ujenge ekzosi. Mkopo wa dharura ni wa dharura. Mlio wa gari unaweza kungoja, na wahenga hawakukosea waliposema kukopa harusi, kulipa matanga. Weka kidogo kidogo kwenye akaunti ya akiba, ununue paipu mwezi huu, silensa mwezi ujao.

Mwisho, usisahau majirani. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, chini ya NEMA, na gari linafaa kuwa na silensa inayofanya kazi. Kumlipa fundi akutolee silensa ni kununua kesi. Mwambie akuwekee silensa yenye mlio mzito wa chini, ule unaousikia ukiwa ndani ya gari lakini haumwamshi mtoto wa jirani saa tano usiku.

Wikendi hii, kabla hujaenda gereji, andika kwenye simu mambo matatu: ukubwa wa paipu, bei mliyopatana, na hatua za malipo. Mtumie fundi. Akikubali, umepata mtu wa kufanya kazi naye. Akikataa na kusisitiza umtumie yote kwanza, Nairobi ina mafundi wengi.