SHAURI KWA WAPIGA BESI



Wako wenzetu ambao Jumamosi wakitoka kazini huchukua gita la besi wakaenda hotelini kupiga nyimbo zilizotungwa na wengine. Hao twawapa shauri.

Besi ni kama reli. Hakuna abiria aisifuye, lakini ikipinda gari lote laanguka. Basi kwanza, sikiliza mguu wa mpiga ngoma, nawe gusa uzi pamoja naye. Usitie madoido mengi. Wachezaji wataka mwendo.

Pili, jifunze nyimbo ziombwazo. Wageni wa Pwani huomba "Malaika", na "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms ya mwaka 1982. Zipige bila kutegemea nyuzi zilizo wazi, ili mwimbaji akipandisha sauti, usogeze mkono tu shingoni mwa gita.

Tatu, chukua waya na nyuzi za akiba.

Nne, linda masikio. Wataalamu wa afya ya kazi wa Marekani hushauri kelele ya desibeli 85 isizidi saa 8 kwa siku. Ikifika 100, dakika 15 tu. Sisi wa karakana twajua uziwi haurudi nyuma. Vaa vizibo.

Mwisho, malipo. Patana kabla ya kuanza: fedha ngapi, saa ngapi, na nauli ya usiku ni ya nani. Mpiga besi asikubali kupunjwa ati kwa kuwa hasikiki. Siku atakaponyamaza, wote watasikia.