*TAARIFA KWA UMMA: NGUZO ZA ZAHANATI ZIPIMWE KABLA YA PLASTA!*

Ndugu wanachama na wananchi,

Kamati ya Tawi imefika kwenye ujenzi wa zahanati ya mtaa wetu. Tumeona kwa macho: mchanga umesombwa ufukweni, zege linachanganywa juu ya udongo na kuongezwa maji ili lisiwasumbue kumwaga, na nguzo nyingine nondo zinachungulia nje.

Tukihoji tunajibiwa, "Mnachelewesha maendeleo." *Hapana!* Chumvi ya bahari hula nondo. Nondo ikishika kutu huvimba, na zege hupasuka kutoka ndani. Maji yakizidi, yakikauka huacha vitundu na zege hukosa nguvu. Plasta na rangi vitaficha haya siku ya uzinduzi, lakini havibebi jengo.

Machi 29, 2013 ghorofa liliporomoka Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, watu 36 wakafa. Novemba 16, 2024 ikawa Kariakoo. Tusisubiri kutumiana rambirambi.

*TUNATAKA:*
1. Plasta isimame hadi mhandisi wa halmashauri apime nguzo mbele ya wananchi.
2. Majibu ya vipimo vya zege vya siku ya 28 yabandikwe ofisi ya mtaa.
3. Utumike mchanga wa mtoni, na zege jipya limwagiliwe maji siku zisizopungua 7.
4. Nguzo itakayofeli ivunjwe kwa gharama ya mkandarasi, si kwa kodi zetu.

Jumamosi saa 3 asubuhi, ofisi ya mtaa. Njoo na jirani yako.

*Katibu Mwenezi wa Tawi*