Tiba ya sikoseli ipo, watafiti wetu wako wapi?

Leo tuongelee ajira moja ambayo hamuikuti kwenye matangazo ya kazi: mtafiti wa tiba ya jeni na seli. Huyu ni mtu aliyemaliza PhD, akapewa mkataba wa miaka miwili mitatu kufanya kazi maabara chini ya profesa. Wenyewe wanamwita posdoki.

Mtu wa Busunzu kama mimi inanihusu nini? Inanihusu kwa sababu ya sikoseli, au selimundu. Ukirithi jeni yake kwa mzazi mmoja tu inakukinga na malaria kali, na malaria Kibondo na Kasulu tunaijua vizuri. Ukirithi kwa wote wawili ndio balaa. Tanzania tuko kwenye nchi 5 za juu duniani, watoto kama 11,000 wanazaliwa nayo kila mwaka. Vijijini mtoto anavimba vidole, macho ya njano, analia usiku kucha, watu wanasema karogwa. Wengi wanakufa wadogo bila hata kupimwa.

Sasa, Novemba 2023 Uingereza iliidhinisha Casgevy, na Desemba Marekani ikafuata. Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa, maabara wanakata sehemu ya jeni iitwayo BCL11A, mwili unaanza tena kutengeneza hemoglobini ya kichanga, ile isiyopinda seli kama mundu. Kabla ya kurudishiwa seli zake, mgonjwa anapewa dawa kali ya kusafisha uloto na analazwa wiki kadhaa. Bei Marekani: dola milioni 2.2 kwa mtu mmoja. Msicheke.

Kuna watakaosema zahanati haina kipimo, tiba ya jeni ya nini? Nakubali nusu. Haidroksiyurea ni dawa ya kunywa kila siku, na utafiti uliofanyika Angola, Kongo, Kenya na Uganda, ukatoka mwishoni mwa 2018, ulionyesha inapunguza maumivu, malaria na vifo kwa watoto. Hiyo ilitakiwa ifike huku jana. Lakini ile bei ya milioni 2.2 haitashuka kwa huruma. Itashuka siku mtu akipata njia ya kurekebisha jeni kwa sindano, bila kutoa seli nje na bila ile dawa kali. Kazi hiyo ndiyo ya posdoki. Oktoba 2019 taasisi ya NIH ya Marekani na mfuko wa Gates walitangaza dola milioni 200 kutafuta tiba za jeni za sikoseli na VVU zitakazofaa Afrika. Swali langu, kwenye zile maabara anakaa nani?

Pa kuanzia tunapo. Muhimbili wana programu ya sikoseli iliyoanza 2004 chini ya Profesa Julie Makani. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, 2023 ilianza kupandikiza uloto watoto wenye sikoseli, na anayeweza hilo tayari ana wadi na ujuzi ambao tiba ya jeni inauhitaji.

Tatizo ni mkataba. Posdoki anaishi kwa ruzuku, na ruzuku inatoka nje. Mei 2025 NIH ilitangaza kusitisha ruzuku zinazopitia vyuo vya Marekani kwenda taasisi za nje, hadi uwekwe utaratibu mpya. Una mke, una watoto, mkataba umeisha, utafanyaje? Unapanda ndege, au unaenda NGO kuandika ripoti. Mimi simlaumu mtu. Mwaka 2006 kule Khartoum nchi za Afrika ziliahidi asilimia 1 ya pato la taifa iende kwenye utafiti. Sisi bado hatujafika.

Piga hesabu na mimi. Bei ya mgonjwa mmoja wa Casgevy, gawa kwa posdoki 10 kwa miaka 5. Ni dola 44,000 kila mmoja kwa mwaka, mshahara pamoja na vitendanishi. Serikali ikiamua kuzitoa kupitia COSTECH, inashindwa?

Wabongo mnaofanya kazi hii ughaibuni, jitokezeni hapo chini mtuambie ukweli wa mishahara na saa za kazi. Kuna madogo wa PCB Kasulu wanasoma hapa.

Nawasilisha.