REFA AKIKOSEA UKAPATA, HIYO NI BARAKA?



Leo nakupeleka Marekani, kwa mpira wa vyuo vikuu. Usitoroke. Huu si mpira wa Gor na Ingwe, ni ule wa kofia ngumu na mabega mapana, na sheria unayohitaji ni moja tu: timu inapewa majaribio manne ya kusogeza mpira. Ukishindwa kwa manne, mpira unaenda kwa mwenzako.

Tarehe 6 Oktoba 1990, Colorado walikuwa ugenini kwa Missouri. Missouri wanaongoza 31 kwa 27. Zimebaki sekunde chache, Colorado wako yadi tatu tu kutoka mstari wa mwisho. Jaribio la kwanza, wanaupiga mpira chini ili saa isimame (hilo nalo linahesabiwa). La pili, mchezaji anazuiwa. Hapo saa inasimamishwa, na yule wa kushika kibao cha namba anasahau kukigeuza. Kibao kinaendelea kusema ni la pili. Wanajaribu tena, wanazuiwa. Wanaupiga mpira chini tena. Hayo ni manne, mpendwa. Mechi imeisha. Lakini marefa wote uwanjani wakaamini kile kibao, Colorado wakapewa jaribio la tano, kijana akajirusha mstarini, ikawa 33 kwa 31.

Marefa wakasimamishwa kazi. Matokeo hayakubadilishwa. Colorado wakamaliza msimu wakitambuliwa kuwa mabingwa wa taifa, taji wakigawana na Georgia Tech.

Sasa sikia kilichonifanya niandike. Kocha wa Colorado, Bill McCartney, alikuwa mtu aliyeokoka, na hakuwa akificha. Mwaka huohuo wa 1990 ndipo alipoanzisha Promise Keepers, ile huduma ya wanaume iliyokuja kujaza viwanja vizima Marekani. Siku ile waandishi walipomuuliza kuhusu jaribio la tano, alilalamikia uwanja, kwamba ulikuwa unateleza. Uwanja! Miaka kadhaa baadaye, akiwa Missouri kwa mkutano wa hiyo huduma yake, ndipo alisema hadharani kwamba anajuta.

Simhukumu. Tena nitamtetea kidogo, kwa sababu ana hoja ambayo wengi huiruka. Vijana wake waliupiga mpira chini mara ya mwisho kwa kuwa kibao kilisema bado kuna jaribio lingine. Kingesema ukweli, wangejaribu kufunga, na pengine wangefunga. Kosa la refa liliwaharibia hesabu hata wao waliofaidika. Kwa hiyo usiniambie ni wezi. Ile dakika ya uwanjani, mimi sina neno nao. Shida yangu ni Jumatatu. Jumatatu ukishatulia, umehesabu, umejua yalikuwa matano, na kikombe bado kiko mikononi mwako, unafanya nini?

Na usiseme haiwezekani, maana ilishawezekana.

Tarehe 16 Novemba 1940, miaka 50 kabla ya hayo, Cornell walicheza na Dartmouth. Cornell hawakuwa wamefungwa mechi 18 mfululizo. Dartmouth wanaongoza 3 kwa 0, muda unayoyoma, refa Red Friesell anachanganyikiwa na hesabu, Cornell wanapewa jaribio la tano, wanafunga. 7 kwa 3. Wanaenda nyumbani na ushindi wao.

Kisha wakaitazama filamu ya mechi. Wao wenyewe. Wakahesabu: moja, mbili, tatu, nne, tano. Refa naye akakiri kwamba alikosea, lakini mechi ikishaisha hakuwa na mamlaka ya kubadilisha kitu. Hakuna sheria iliyowabana Cornell, na hakuna ambaye angewadai. Kufikia Jumatatu walikuwa wametuma telegramu Dartmouth kwamba ushindi ni wenu. Dartmouth wakapokea, na mpaka leo vitabu vinasoma Dartmouth 3, Cornell 0.

Wewe uliyezoea mahubiri ya panda-uvune unangoja niseme Mungu aliwalipa mara saba. Jumamosi iliyofuata walicheza na Pennsylvania, wakafungwa tena, 22 kwa 20. Ndivyo ilivyokuwa, na mimi siwezi kukuongezea chumvi ili uitikie amina.

Mpendwa, tuje kwetu. Kuna kitu kimeingia makanisani na mimi nakipinga waziwazi. Mtu anashika maikrofoni kushuhudia: "Nilikuwa sina hata shilingi, nikaamka nikapata elfu nne kwa M-Pesa kutoka kwa nambari nisiyoijua. Mungu ni mwema!" Na sisi tunapiga vigelegele. Kumbe mahali fulani kuna mama ametuma karo ya mtoto, kidole kikateleza kwa nambari moja. Amepiga simu mara sita, hushiki. Halafu unatoa fungu la kumi juu yake.

Mhasibu akikulipa mara mbili, unaita kibali. Mpimaji akisukuma bikoni ndani ya ploti ya jirani mjane, unasema karatasi ndizo zinaongea. Mwenye duka akikosea chenji, unaharakisha hatua. Kila mmoja ana refa wake wa kusingizia: "Si mimi niliyeamua."

Soma Kumbukumbu la Torati 22, mistari ya kwanza mitatu. Ng'ombe wa ndugu yako amepotea na umemwona. Hukumwiba, hukumfungua kamba, amekuja kwako kwa miguu yake mwenyewe. Bado Mungu anakukataza kujifanya hujaona. Na ikiwa humjui mwenyewe, unamtunza nyumbani kwako mpaka aje kumtafuta. Unamlisha kwa gharama yako! Hapo hakuna mahali palipoandikwa kwamba ng'ombe akijileta ni baraka.

Najua uchumi ulivyo. Najua elfu nne ni unga, ni stima, ni nauli ya wiki. Ndiyo maana naandika leo Alhamisi, kabla hujaitumia. Ikiwa umeshaitumia, mpigie mwenyewe, mwambie ukweli, panga kulipa kidogo kidogo. Ukiona aibu, njoo ofisini, tutampigia pamoja.

Na Jumapili, kabla sijakupa maikrofoni ya ushuhuda wa pesa, nitakuuliza zilitoka kwa nani. Usikasirike. Jibu ukiwa nalo, karibu madhabahuni.

Mchungaji wako.