Machozi ya Kuazima

Kuna watu wafundishao ya kwamba mahadhi hayawezi kuugusa moyo wa mtu mpaka kwanza asimuliwe kisa chake. Watakuambia, msomaji, ya kwamba huwezi kuonja utamu wa muziki mkuu wa Ulaya usipojua ni nani aliyeutunga, alikataliwa na mchumba gani, na aliugua maradhi gani. Wakiisha kukujaza visa hivyo, hukupa orodha ya mahadhi yenye kuhuzunisha kuliko yote, nawe huikariri kama jedwali la kuzidisha. Mafundisho hayo nayapinga. Mwanafunzi aliyelishwa kisa kabla ya sauti hulia kwa machozi ya kuazima, na wazee wetu walikwisha kusema ya kuwa nguo ya kuazima haisitiri.

Tuanze na ushahidi ulio wazi. Yako mahadhi ya polepole, yachezwayo kwa fidla na kinanda cha kanisani, yajulikanayo duniani kwa jina la Adagio ya Albinoni. Tomaso Albinoni alikuwa mtungaji wa Venice, aliyefariki mwaka 1751. Ilisemekana ya kwamba mahadhi hayo yalijengwa juu ya kipande cha kazi yake kilichotoka katika maktaba ya Dresden, mji wa Ujerumani ulioteketezwa kwa mabomu mwaka 1945. Kisa hicho chatosha kumliza mtu hata kabla fidla haijaguswa! Lakini mahadhi hayo yalichapishwa mwaka 1958 na Mwitalia Remo Giazotto, mwandishi wa habari za maisha ya Albinoni, na leo wataalamu wengi huyahesabu kuwa kazi ya Giazotto mwenyewe. Sasa nakuuliza: wale waliolia, walilia nini? Kama walikililia kisa, machozi yao yalimwagika bure. Kama waliililia sauti, hawakupoteza hata tone moja, maana sauti haikubadilika siku jina la mtungaji lilipotiliwa shaka.

Shahidi wa pili ni Beethoven. Mwaka 1801 alitunga kazi ya piano ambayo watu wote huiita Sonata ya Mbalamwezi. Jina hilo hakulitoa yeye. Lilitokana na maneno ya mwandishi Ludwig Rellstab, aliyeilinganisha sehemu ya kwanza na mwanga wa mwezi juu ya ziwa moja la Uswisi, nalo likaenea baada ya Beethoven kufa mwaka 1827. Tangu hapo maelfu ya wasikilizaji huangalia mwezi ambao mtungaji hakuwaonyesha, wakaacha kusikia alichowapa: noti tatu tatu zinazokwenda bila kuchoka, na juu yake sauti moja inayorudiarudia mahali pamoja kama mtu atakaye kusema neno akashindwa. Ni hasara iliyoje kuacha neno hilo kwa ajili ya picha ya ukutani!

Shahidi wa tatu ni Antonín Dvořák, mzaliwa wa Bohemia. Simfoni yake ya tisa ilichezwa mara ya kwanza mjini New York mwezi wa Desemba mwaka 1893. Sehemu yake ya pili ina mahadhi yaimbwayo na chombo cha kupuliza kiitwacho koanglei, na wengi husadiki ya kuwa Dvořák aliyachukua katika wimbo wa kale wa Wamarekani weusi wenye kutamani kurudi nyumbani. Kweli ni kinyume. Maneno hayo ya kurudi nyumbani yalitiwa na mwanafunzi wake, William Arms Fisher, mwaka 1922. Dvořák alizipenda sana nyimbo za Wamarekani weusi na kuzisifu hadharani, walakini mahadhi haya ni yake. Tena hayamo katika ngazi ndogo ya sauti, ile ambayo vitabu huiita ya huzuni. Yamo katika ngazi kubwa, ile iitwayo ya furaha. Hata hivyo yanachoma.

Nasi Wakenya tuna ushahidi wetu nyumbani. Wimbo wetu wa taifa, ulioanza kutumika mwaka 1963, umejengwa juu ya mahadhi ya Wapokomo ambayo mama alimbembelezea mtoto alale. Mahadhi yaliyofumba macho ya mtoto leo huwasimamisha watu wazima wima kwa heshima. Maneno yamekuwa mengine na kazi imekuwa nyingine, lakini utulivu wa sauti ile umebaki.

Hapa mpinzani mwerevu atainuka. Atasema: “Ikiwa mahadhi hukubali maneno yoyote, basi hayana hisia zozote ndani yake.” Hoja hii ni ya kale. Eduard Hanslick wa Vienna aliitoa katika kitabu chake cha mwaka 1854, akatoa mfano wa wimbo mashuhuri wa opera ya Gluck iliyochezwa Vienna mwaka 1762. Humo Orfeo amempoteza mkewe Euridice mara ya pili, naye aomboleza. Hanslick alidai ya kwamba kwa mahadhi yale yale mtu angeweza kuimba furaha ya kumpata mke.

Hanslick alisema nusu ya kweli. Mahadhi hayawezi kukuambia kuwa ni mke aliyekufa, wala kukutajia jina lake. Lakini usikilize wimbo ule mpaka mwisho wake. Mahadhi matulivu yanaanza, yanakoma. Sauti inaita, inanyamaza, inangoja jibu. Jibu haliji. Mahadhi yanarudi yale yale. Sauti inaita tena, na kimya kinajibu tena, na kwa mara ya tatu mahadhi yanarudi. Mtu aliyeita mlangoni pa nyumba isiyo na mwenyewe anaijua hali hii bila kuambiwa. Mahadhi hayasimulii tukio. Yanakwenda mwendo wa moyo wenyewe, wa kupanda, kukawia, kuita na kurudi patupu. Huo mwendo ndio hisia, nao umo ndani ya noti, si katika kijitabu kiuzwacho mlangoni.

Mtazame pia Henry Purcell, Mwingereza. Opera yake ya Dido na Aeneas ilichezwa katika shule ya wasichana huko Chelsea, London, kufikia mwaka 1689. Malkia Dido, akikaribia kufa, aimba juu ya sauti ya chini inayoteremka hatua ndogo ndogo, ikifika mwisho ikaanza upya, tena na tena, bila huruma. Sauti ya malkia haikubali kufungwa na mwendo huo. Mara huanza kabla yake, mara huendelea baada yake. Aombapo akumbukwe, hushikilia noti ile ile moja, kisha hupanda juu, na chini yake mteremko hausimami. Katika pambano hilo la sauti mbili kuna kifo chote. Nakubali ya kuwa kisa cha Dido kimo ndani ya kazi yenyewe, na ni vema kukijua. Ninachokipinga ni kisa kilichobandikwa nje na mikono mingine, na ile desturi ya kukitanguliza mbele ya sikio.

Kwa nini nashupalia jambo hili? Kwa sababu kisa kikifanywa mlango, wewe kijana wa Lodwar, Lamu au Kakamega utabaki mgeni barazani daima. Vienna si kwenu, na wachumba wa watungaji hukuwajua. Utaandika katika mtihani kwamba muziki fulani wahuzunisha, kwa kuwa kitabu kimesema hivyo, na moyo wako haukushuhudia lolote. Lakini sauti ikiwa ndiyo mlango, unasimama sawa na mzaliwa wa Vienna, maana yeye ana masikio mawili nawe unayo mawili. Aidha, mtu aliyezoea kuambiwa mahali pa kulia ndani ya wimbo, kesho ataambiwa ni nani wa kumchukia mtaani, naye atatii.

Basi fanya hivi. Upewapo mahadhi usiyoyajua, yasikilize mara ya kwanza bila kuuliza jina. Mara ya pili tafuta yanapopanda, yanapokawia na yanaporudi. Mara ya tatu uandike moyo wako ulitikisika wapi, au kwamba haukutikisika kabisa. Hilo nalo ni jibu la heshima. Ndipo ufungue kitabu usome kisa. Utakisoma kama hakimu aliyekwisha kusikia ushahidi, si kama mtumwa angojaye amri. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza: mahadhi yaliyo mazuri hayahitaji mpiga debe, yanahitaji sikio lako.