Rangi Isubiri
Jirani yangu hapa Tanga kanunua Land Rover ya miaka ya 1960, na kitu cha kwanza alichokimbilia dukani ni rangi. Rangi! Nikamwomba kwanza ajilaze chini ya gari, nyundo ndogo mkononi. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, kwani ilipozinduliwa mwaka 1948 Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma baada ya vita. Kwa hiyo ukilitazama juu tu, gari hilo litakudanganya miaka mingi. Chasisi ni chuma, tena yenye uwazi ndani, na kutu huitafuna kuanzia humo humo, ikisaidiwa na tope na hewa ya chumvi ya pwani. Gonga: ikilia kwa ukali, nzima; ikitoa mlio wa debe bovu, mwite fundi wa kuchomelea. Kisha breki. Magari hayo yalitoka na njia moja ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likipasuka, pedali inazama hadi sakafuni. Naye mwenzangu anaota injini ya dizeli ya Toyota badala ya ile ya petroli ya lita 2.25! Sina ugomvi na dizeli, milima ya Lushoto inaitaka, lakini nguvu hiyo utaisimamisha na nini? Jirani, kama mwezi huu una pesa ya kazi moja tu, nunua silinda kuu ya breki ya njia mbili pamoja na mabomba yake.